Ndege Hauzwi, Safari Inauzwa: Unalipia Nini Ukienda Kuwinda Bata Mzinga na Bata wa Majini Marekani?

Novemba inapoelekea ukingoni na Sikukuu ya Shukrani ikibisha hodi, maduka makubwa ya Marekani hujaza majokofu yao bata mzinga waliogandishwa kama mawe. Bei yake ni ya kutupa. Ikifika Aprili, mtu yule yule aliyembeba bata wa dukani kwa pesa ndogo anatoa mamia ya dola, wakati mwingine maelfu, ili mtu baki amwamshe usiku wa manane, amkalishe chini ya mti kwenye umande, na pengine amrudishe mikono mitupu. Hakulipia nyama. Na hata angetaka kumnunua bata mzinga aliyepigwa porini, asingeuziwa, kwa sababu ndege huyo haruhusiwi kuingia sokoni.

Hapo ndipo biashara ya safari za kuwinda kwa kuongozwa inapowachanganya wengi, hasa sisi tuliozoea habari za vitalu vya uwindaji vya Tanzania, ambako mgeni hukatiwa kibali chenye orodha ya wanyama, hulipa ada kwa kila mnyama, na hufuatana na mwindaji bingwa anayetambuliwa na serikali. Mkenya naye anashangaa zaidi, maana kwao uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku tangu 1977. Marekani, kwa ndege hawa, hakuna kitalu wala sheria inayomlazimisha mtu kuwa na mwongozaji. Unaweza kukata leseni ukaingia porini peke yako. Basi huyu mwongozaji anauza kitu gani?

Kabla ya kumjibu mwulizaji, tuondoe utata wa majina. Bata mzinga si bata. Ni wa jamii moja na kuku, kanga na kwale. Anakwarua majani kwa miguu akitafuta mbegu na wadudu, na usiku anapanda mtini kulala. Kiswahili kimemwita bata, sijui nani alianza. Waingereza nao walipotea njia yao: jina wanalomwita, lile la nchi ya Uturuki, lilikuwa kwanza la kanga wetu wa Afrika aliyefika Ulaya kupitia mikono ya wafanyabiashara wa dola ya Waturuki. Walipomwona ndege wa Amerika wakadhani ni yule yule. Bata wa majini, kwa upande wake, ni bata kweli, pamoja na binamu zake bata bukini.

Mmoja hutembea, mwingine huhama

Tofauti hii si ya darasa la sayansi tu. Ndiyo chanzo cha sheria mbili zinazomsumbua kila mgeni.

Bata mzinga haendi mbali. Kwa kawaida anaanguliwa, anataga na kufa ndani ya eneo la kilomita chache. Kwa hiyo ni mali ya umma ya jimbo alimo, na jimbo ndilo linaloamua msimu unaanza lini, mtu apige wangapi, na bunduki inyamaze saa ngapi. New York, kwa mfano, msimu wa machipuko hufunga kila siku saa sita mchana.

Bata wa majini habari yake ni nyingine. Anaanguliwa kwenye madimbwi ya nyika za Kanada na Dakota, anashuka kusini akipita jimbo baada ya jimbo, anamaliza baridi Arkansas au Louisiana, kisha anarudi. Ni wa nani? Mwaka 1916 Marekani ilitia saini mkataba na Uingereza, iliyoisimamia Kanada wakati huo, na 1918 bunge likapitisha sheria ya kuutekeleza. Jimbo la Missouri likaenda mahakamani likidai kwamba ndege walio ndani ya mipaka yake ni wake. Mwaka 1920 Mahakama ya Juu ya nchi ikalikatalia. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika hoja ambayo hata mvuvi wa Pemba angeielewa mara moja: ndege hawa jana walikuwa hawajafika, kesho watakuwa jimbo jingine, na baada ya wiki moja watakuwa maili elfu mbele. Utadaije umiliki wa mpita njia?

Tangu hapo bata wa majini ana mabwana wawili. Serikali ya shirikisho inaweka mipaka ya nje kwa kufuata njia nne kuu za angani: ya Atlantiki, ya Mississippi, ya Kati na ya Pasifiki. Majimbo yanapanga misimu yao ndani ya mipaka hiyo. Jimbo linaweza kukaza kuliko shirikisho. Kulegeza haliwezi.

Sheria hizo zilitokana na aibu. Karne ya 19 ndege hawa waliuzwa, tena kwa mapipa. Kwenye ghuba ya Chesapeake watu walifunga kwenye mitumbwi bunduki kubwa mfano wa mizinga midogo, wakazielekeza kwenye kundi la bata lililolala juu ya maji, na mfyatuo mmoja ukaua makumi. Mzigo ulipanda treni kwenda kwenye hoteli za mijini. Bata mzinga alikatiwa misitu na kupigwa mwaka mzima, hadi kufika miaka ya 1930 ikakadiriwa kwamba waliobaki ni laki mbili au hata pungufu. Ndiyo maana nyama ya porini ilitolewa sokoni, na ndiyo maana leo kinachouzwa ni safari.

Kurudi kwake kuna kichekesho ambacho Kiswahili peke yake ndicho kinachoweza kukifaidi. Majimbo yalianza kwa kufuga bata mzinga kwenye mabanda na kuwaachia msituni kwa maelfu. Wakafa. Walikuwa hawana mama wa kuwafundisha kumwogopa mwewe wala kuchagua mti wa kulala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wakaanza kuwanasa ndege wa porini wenyewe kwa nyavu kubwa zilizorushwa kwa mizinga, na kuwahamishia kwenye misitu mitupu. Bata mzinga, basi, aliokolewa kwa mzinga. Missouri ilifungua tena msimu wa machipuko mwaka 1960, na leo nchi nzima ina takriban ndege milioni sita. Gharama ya kazi hiyo ilibebwa kwa sehemu kubwa na wawindaji wenyewe, kupitia leseni zao na ushuru ambao sheria ya 1937 iliuelekeza kwenye wanyamapori: leo ni asilimia 11 ya bei ya kiwandani ya kila bunduki ndefu na kila kasha la risasi.

Kazi ya mwongozaji wa bata mzinga

Chukua asubuhi moja ya katikati ya Aprili, kusini mwa Missouri. Jua litachomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Saa kumi na moja gari limeshazimwa taa nyuma ya kilima, na mlango unafungwa kwa kusukumwa taratibu kwa nyonga usitoe sauti. Mwongozaji anatangulia gizani. Anasimama, anakusanya viganja mdomoni, anatoa mlio wa bundi.

Kwetu bundi akilia karibu na nyumba watu humkemea. Huyu anamwiga kwa makusudi, kwa sababu dume la bata mzinga likiwa bado juu ya mti hushtuka na kujibu: golo-golo-golo! Limejitaja lilipo. Mwongozaji anahesabu umbali kwa sikio, anakupeleka hadi kama mita 150, anakukalisha ukiegemea mti mpana kuliko mabega yako. Mti huo unakuficha umbo, na pia unakukinga mgongo dhidi ya mwindaji mwingine asiyejua kuwa upo.

Kukicha, anatoa kibao kidogo cha sleti na kijiti. Anakwaruza mara tatu, polepole. Sauti inayotoka ni ya jike linaloamka. Wengine hutumia kisanduku chenye kifuniko cha kusugua, wengine kipande chembamba cha mpira kinachobanwa kwenye kaakaa ili mikono ibaki huru.

Tatizo ni kwamba mwongozaji anaomba kitu kilicho kinyume cha desturi. Katika maisha ya ndege hawa dume ndilo hunguruma na kutandaza mkia, na jike ndilo hufunga safari. Hapa jike la uongo linakaa chini ya mti na kutaka bwana aje. Dume linasogea, linasimama, linasubiri. Kichwa chake kisicho na manyoya kinabadilika rangi kadiri damu inavyochemka: chekundu, cheupe, buluu. Macho yake huona karibu pande zote na hutofautisha rangi vizuri. Ukipangusa mbu puani, hadithi imekwisha.

Anayeanza hukwaruza mfululizo, kama mtu anayepiga simu isiyopokelewa. Mwongozaji hodari hunyamaza. Ananyamaza dakika ishirini, nusu saa, mpaka dume lishikwe na wasiwasi kwamba jike limeondoka. Mimi naamini ujuzi wa kunyamaza ndio sehemu kubwa ya pesa ile. Sehemu nyingine ni majuma aliyokaa porini kabla yako akijua ndege wanalala mti gani, wanashukia upande upi, na saa nne asubuhi wanakwenda wapi.

Kisha kuna lango. Texas zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi. Ndege ni wa umma, lakini njia ya kumfikia ina kufuli, na mwongozaji ndiye aliyekodi ufunguo. Bei hupanda pale ambapo ufunguo ni adimu. Mbari ya bata mzinga iitwayo Osceola haipatikani popote duniani isipokuwa rasi ya Florida, na wapo wawindaji waliojiapiza kupata mbari nne kuu za nchi: ya Mashariki, Osceola, Rio Grande na Merriam. Safari ya Osceola ikigharimu mara kadhaa ya nyingine, usifikiri ndege ana nyama tamu zaidi.

Msimu wa machipuko huwa ni wa madume, yale yenye ndevu zinazoning'inia kifuani kama ufagio mdogo. Hoja ni kwamba dume moja hupanda majike mengi, hivyo likipigwa wakati majike yamekwisha kuanza kutaga, vifaranga hawapungui. Hesabu hiyo sasa inatazamwa upya. Kusini-mashariki mwa nchi bata mzinga wamekuwa wakipungua, na majimbo kama Arkansas, Georgia na Alabama yamesogeza mbele ufunguzi wa msimu. Mwongozaji anayelalamika kwamba serikali imemharibia biashara kwa kuchelewesha msimu, mimi ningemwogopa.

Huku kwenye maji

Mji wa Stuttgart, Arkansas, umezungukwa na mashamba ya mpunga, na tangu 1936 huandaa mashindano ya kuita bata kwa filimbi. Huko mwongozaji hahitaji utulivu wa mtu anayevizia. Anahitaji mgongo. Kabla ya mapambazuko ameshabeba magunia ya bata wa bandia, makumi kwa makumi, akiwapanga juu ya maji na kuacha uwazi katikati, kama uga, ili bata halisi wapate mahali pa kutua.

Kwenye msitu uliofurika, wageni husimama ndani ya maji ya magotini au mapajani, wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, kila mmoja amejibanza kwenye shina. Kundi likizunguka juu, mwongozaji anapiga filimbi na kila mtu anapiga maji kwa mguu. Mawimbi madogo yanawatikisa bata wa bandia wakaonekana hai. Malardi, wale ambao dume lao lina kichwa cha kijani, wanakunja mabawa na kuanguka kati ya matawi. Mwongozaji anatoa amri moja. Baada ya milio, mbwa aliyekuwa akitetemeka juu ya jukwaa dogo lililofungwa mtini anarushwa kwa neno moja, anaogelea, anarudi na ndege mdomoni bila kumtoboa.

Hesabu ndiyo inayowashinda wageni. Kwenye njia ya Mississippi mtu anaruhusiwa bata sita kwa siku. Ndani ya hao sita malardi wasizidi wanne, na ndani ya hao wanne majike wasizidi wawili. Kila spishi nyingine ina kikomo chake, na hivi vyote huweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Sasa fikiria: ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza, muda ambao sheria inaruhusu mtu aanze, na kilichoko mbele yako ni vivuli vinavyokwenda kasi. Mwongozaji anayejua kazi huwataja kwa mlio na mpigo wa bawa kabla hajatoa amri. Na hesabu ni ya kila mtu na yake. Mwenzako akikosa, huwezi kumpigia wa kwake, na mwongozaji hawezi kukujazia fungu lako.

Mahindi yale yale, kesi tofauti

Linalowapeleka wengi mahakamani ni chambo. Tangu 1935 ni marufuku kuwinda ndege wanaohama mahali palipomwagwa nafaka za kuwavuta. Inaonekana rahisi hadi uingie shambani.

Mpunga uliovunwa kwa kawaida, mbegu zikadondoka, kisha shamba likajazwa maji: halali. Mahindi yaliyosimama bila kuvunwa, shamba likafurikishwa: halali. Mahindi hayo hayo yakiangushwa kwa trekta kabla ya kuvunwa, punje zikatawanyika: haramu. Gunia moja likimwagwa, hata likizolewa lote, mahali pale huhesabika pana chambo kwa siku kumi zaidi. Vuka ua uende kuwinda bata mzinga, na sehemu kubwa ya Texas gunia lile lile la mahindi halina tatizo lolote, kwa sababu huyo ni ndege wa jimbo.

Mgeni anasema, mimi nimelipa, mambo ya shamba ni ya mwongozaji. Sivyo. Zamani kusema hukujua kwa kawaida hakukuwa utetezi. Mwaka 1998 sheria ililegezwa kidogo: utatiwa hatiani kama ulijua au ulipaswa kujua. Kwa hiyo ukifika ukaona punje za mahindi zikimeta majini mahali ambapo hakuna bua hata moja, jibu la "niliambiwa pako sawa" ni jepesi mno.

Yapo mengine ambayo mwongozaji mzuri hukukagua kabla hamjaondoka. Bunduki ya kuwindia bata isibebe zaidi ya risasi tatu. Sauti za bata zisitoke kwenye spika. (Bata bukini weupe wana utaratibu wao: walizidi hadi wakawa wanaiharibu nyika ya Aktiki wanakozaliana, na tangu 1999 kuna majira maalumu ambapo makatazo haya mawili huondolewa.) Uwe na leseni ya jimbo, na kama umefikisha miaka 16 uwe na stempu ya bata, ya dola 25 (ya karatasi ni lazima uitie saini). Stempu hiyo haipeleki barua. Ilianza 1934 kwa dola moja, mchoro wa kwanza ukiwa wa mchora katuni Jay "Ding" Darling, na senti 98 za kila dola huenda kununua au kukodi ardhi oevu. Kwa bata mzinga huihitaji.

Na kuna suala la risasi, ambalo Kiswahili kimelitega mtego. Kwetu madini na kinachotoka kwenye bunduki vina jina moja. Marekani ilikataza madini hayo kwenye marisau (zile punje ndogo za bunduki) ya kuwindia ndege wa majini nchi nzima kuanzia 1991, kwa kuwa bata walikuwa wakimeza punje zilizozama tope la ziwa wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, wakafa kwa sumu. Kwa hiyo risasi ya bata haina risasi. Ni chuma cha pua, au metali nyingine iliyoidhinishwa.

Kabla hujatuma kianzio

Uliza ardhi ni ya nani. Kuongoza watu kwa malipo kwenye misitu ya taifa kunahitaji kibali maalumu, na Arkansas imekataza biashara ya kuongoza wawindaji wa bata ndani ya maeneo ya wanyamapori ya jimbo. Mtu akikuahidi safari ya kulipia humo, anakuuzia kosa. Uliza pia kama kianzio hurudishwa maji yakiganda, maana bata huondoka usiku mmoja barafu ikishika. Na anayekuhakikishia ndege, mwulize amemfunga wapi.

Kwa ndugu zetu walioko huko kwa viza ya muda, masomo au matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inawazuia kushika bunduki. Miongoni mwa watu wanaoachwa nje ya katazo hilo ni mwenye leseni halali ya kuwinda. Jambo hilo lithibitishwe na mwanasheria kabla ya kugusa bunduki ya kuazimwa, wala lisiachwe kwa mwenye kambi.

Mkimaliza, mwongozaji atapewa bakshishi. Ndege watasafishwa, ila kila bata atabakizwa kichwa au bawa moja lenye manyoya mpaka ufike nyumbani, ili askari wa wanyamapori akikusimamisha njiani ajue ni spishi gani. Ukimwachia mtu mwingine mzigo wako, utauambatanishia karatasi yenye saini yako, anwani, tarehe, idadi na aina. Jirani unaweza kumgawia. Kumuuzia huwezi.

Mapaja ya bata mzinga wa porini ni magumu, yamejaa kano. Yachemshe kama kuku wa kienyeji mzee, saa mbili au zaidi, ndipo utie tui. Na uwaambie wageni watafune taratibu. Punje ya marisau iliyobaki ndani ya nyama huweza kuvunja jino.